Sura ya Tano: Maji Hayana Ukuta

Ukitoka Mwenge kwenda Kawe kwa miguu, jijini Dar es Salaam, ukaiacha barabara ya lami na kukatiza nyuma ya maghala ya Mikocheni, utakutana na Mlalakua. Kiangazi ni kijito ambacho mtoto wa darasa la pili anakiruka. Masika kinageuka mto unaoingia vyumbani kwa watu na kuondoka na magodoro. Maji yake huanzia kwenye miinuko ya upande wa Makongo na Chuo Kikuu, hupita kwenye makazi, magereji, bustani za mboga na eneo la viwanda, kisha huingia Bahari ya Hindi upande wa Kawe.

Kwa miaka mingi watu wengi waliopakana na mto huu waliutumia kama jalala. Mwenye choo kilichojaa alisubiri mvua kubwa, akakitapisha usiku. Fundi wa gereji alimwaga oili chafu. Mwenye biashara aliacha bomba la nyuma litiririke mahali ambapo mgeni hafiki. Mita chache mbele, mkulima wa mchicha aliteka maji hayohayo akamwagilia matuta yake, na mchicha ule ukaishia kwenye sufuria ya mama lishe anayewapikia wafanyakazi wa palepale Mikocheni. Uchafu uliotolewa kwa mlango wa nyuma ulirudi kwa mlango wa mbele, ukiwa kwenye sahani.

Hilo ndilo ninalotaka tulielewe katika sura hii. Kampuni inaweza kujenga ukuta, ikaweka geti na mlinzi, ikachimba kisima na kufunga mita, ikaamini kwamba imemaliza habari ya maji. Lakini maji hayo yamepita kwa wengine kabla ya kuifikia, na yakitoka kwake yanakwenda kwa wengine. Kampuni inayoangalia maji ya ndani ya ukuta wake peke yake imesimamia bomba. Maji bado hayajapata msimamizi.

Majirani wa Mlalakua

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, baadhi ya majirani wa Mlalakua waliamua kukaa pamoja. Waliokutana hawakuwa watu wa kawaida kuonekana kwenye meza moja. Kulikuwa na Nabaki Afrika, wauzaji wa vifaa vya ujenzi. Kulikuwa na Coca-Cola Kwanza, wenye kiwanda cha soda Mikocheni. Kulikuwa na Halmashauri ya Kinondoni, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC. Shirika la Ujerumani la BORDA lilileta ujuzi wa majitaka, na GIZ, shirika la maendeleo la serikali ya Ujerumani, likawa mshenga. Kazi hiyo ikajulikana kama mradi wa kuurejesha mto Mlalakua.

Kwa nini kampuni inayouza soda au mabati ihangaike na kijito? Sababu ya kwanza ni mafuriko. Mto uliozibwa na taka haumchagui wa kumfurika. Unaingia kwenye kibanda na kwenye ghala. Sababu ya pili ni afya. Kipindupindu kikiingia mtaani, mfanyakazi wa kiwandani ndiye anayeugua au anayebaki nyumbani kumuuguza mwanawe. Sababu ya tatu ni jina. Chupa tupu inayoelea mtoni ina nembo ya aliyeitengeneza, na mwananchi anayeiona haulizi ni nani aliyeitupa.

Walichogundua wakiwa mezani ndicho kilicho muhimu zaidi. Kila mmoja alikuwa na kipande cha mamlaka, na hakuna aliyekuwa na mamlaka yote. Bodi ya Bonde inatoa vibali vya kutumia maji na vya kutiririsha majitaka, lakini haizoi taka. Halmashauri inazoa taka, lakini haisimamii mto. NEMC inaweza kumtoza faini mchafuzi, lakini haiwezi kumpa choo mtu asiye na mahali pa kukijenga. Kampuni ina fedha, magari na wahandisi, lakini haina haki ya kumwamuru jirani. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anawajua watu wote kwa majina, lakini hana bajeti. Mto ulikuwa umeoza katikati ya vipande hivyo. Kwa hiyo kazi iligawanywa kulingana na nguvu ya kila mmoja: kusafisha mto na kingo zake, kuelimisha wakazi, kuboresha ukusanyaji wa taka, na kuyadhibiti majitaka kabla hayajafika mtoni.

Mto haukugeuka chemchemi. Jiji linaendelea kukua, na kila nyumba mpya inaongeza choo kimoja na mfuko mmoja wa taka. Lakini Mlalakua uliwaonyesha watu wa Dar es Salaam kwamba mwenye kiwanda na mwenye chumba kimoja cha kupanga wanaweza kuitwa kwenye kikao kimoja kwa jina moja: watumiaji wa mto.

Deni la Uluguru

Sasa tupande juu. Maji mengi ya Kinondoni na Temeke huja kwa bomba kutoka mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Mtambo wa Mtoni, Temeke, ni mkongwe kuliko yote: ulianza mwaka 1949, nao hutumia mto Kizinga. Baada ya upanuzi, Ruvu Chini inaweza kuzalisha lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196. Jumla ni lita milioni 466.

Ruvu huanzia kwenye milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Huko mkulima analima mahindi na mihogo kwenye mteremko mkali. Akilima bila matuta, mvua inashuka na udongo wake. Anapata hasara yeye kwanza, kwa kuwa rutuba imekwenda. Kisha tope linasafiri hadi kwenye mitambo, na hapo dawa za kusafishia maji zinatumika kwa wingi zaidi na machujio yanaziba upesi. Mteremko uliokwanguliwa pia hauhifadhi mvua ardhini. Maji yote hushuka kwa kishindo wakati wa masika, na kiangazi mto unabaki na kidogo.

Kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni nchini. Yaliwauliza watumiaji wakubwa wa maji jijini: kama mkulima wa Kibungo Juu, huko Uluguru, akiutunza mteremko wake ninyi mkapata maji safi zaidi, je, hamna deni kwake? DAWASCO, lililokuwa shirika la kuuza maji jijini wakati huo, na Coca-Cola Kwanza walikubali kuingia katika mpango. Wakulima wa vijiji vya Kibungo, Lanzi, Dimilo, Nyingwa na Lukenge wakachimba matuta ya ngazi, wakajenga matuta ya fanya juu, wakapanda miti kati ya mazao. Malipo yalihesabiwa kwa ukubwa wa eneo lililohifadhiwa na njia iliyotumika.

Fikiria maana yake. Kabla ya hapo, mkulima wa Uluguru alitajwa mjini pale tu alipolaumiwa kwa kuharibu vyanzo. Sasa alitambuliwa kuwa anazalisha kitu ambacho kiwanda cha Mikocheni kinakihitaji kila asubuhi. Akawa mshirika mwenye mkataba.

Udhaifu wa mpango huo ulikuwa kwamba ulisimama kwa kiasi kikubwa juu ya fedha za wafadhili. Mradi una mwanzo na mwisho, na mteremko hauna likizo. Majirani zetu wa Kenya walilifikiria hilo walipozindua, Machi 2015, mfuko wa maji wa Tana Juu na Nairobi. Kampuni ya maji ya Nairobi, wazalishaji wa umeme wa KenGen, watengenezaji wa bia wa East African Breweries na Coca-Cola waliungana na shirika la The Nature Conservancy kuwasaidia wakulima wa juu ya mto Tana kuhifadhi udongo. Nia ilikuwa kujenga mtaji unaobaki, ili kazi iendelee hata mfadhili akiondoka. Ruvu nayo inastahili mfuko wa namna hiyo, na viwanda vya Dar es Salaam vinastahili kuwa wa kwanza kuuchangia.

Chini ya Temeke

Kuna maji mengine yasiyoonekana kwa macho, na hayo ndiyo rahisi zaidi kuyadhulumu. Ukame wa mwaka 1997 ulipolibana jiji, visima vilichimbwa kwa wingi. Tangu hapo mwenye uwezo haingoji serikali. Kiwanda cha Chang'ombe kina kisima. Hoteli ina kisima. Shule, msikiti na kanisa vina visima. Mbagala na Yombo kuna watu waliochimba kisima uani, wakainua tangi juu ya mnara wa matofali, wakavuta mabomba ya plastiki hadi kwa majirani na kuuza kwa ndoo. Hao nao ni kampuni za maji, hata kama hazina ofisi wala nembo. Bila wao, mitaa mingi ingebaki na kiu miaka yote ambayo bomba la umma lilikuwa halijafika. Tuwape heshima yao, kisha tuwaambie ukweli pamoja na wenye viwanda.

Ukweli wenyewe uko kwenye mchanga. Maji baridi ya ardhini katika ukanda wa pwani huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi kidogo. Kanuni yake iliandikwa zaidi ya miaka 100 iliyopita na wataalamu wawili wa Ulaya, Badon Ghyben na Herzberg: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Isome kanuni hiyo kinyumenyume uone hatari yake. Mkiyavuta maji hadi usawa wake ukashuka mita moja, baada ya muda chumvi inaweza kupanda mita 40 kutoka chini. Ndiyo sababu kuna visima vilivyoanza vikiwa vitamu, vikaishia kutoa maji ya kuogea tu, yasiyotoa povu la sabuni.

Pampu kubwa ya kiwanda na pampu ndogo ya uani zinanyonya kutoka kwenye tandiko lilelile la mchanga. Mwenye kiwanda kisima chake kikiingia chumvi atachimba kirefu zaidi, au atanunua mtambo wa kuondoa chumvi. Jirani yake hana pa kwenda. Atarudi kwenye dumu la lita 20, na atalipa kwa lita moja bei kubwa kuliko anayolipa mwenye bomba. Tatizo lingine ni kwamba vyoo vya shimo na makaro vimechimbwa hatua chache kutoka kwenye visima hivyohivyo. Kinachozama kwa mmoja kinavutwa na mwingine.

Kwa hiyo kisima cha kampuni, hata kikiwa ndani ya ukuta wenye hati miliki, ni mrija uliotumbukizwa kwenye mtungi wa mtaa mzima. Anayekichimba anapaswa kupata kibali cha Bodi ya Bonde, afunge mita, na atoe taarifa ya kiasi anachovuta na ladha ya maji yake. Takwimu hizo zikikusanywa kutoka visima vyote, wataalamu wanaweza kuiona chumvi ikija kabla haijafika. Zikifichwa kama siri ya biashara, tutaijua siku itakapofika kwenye chai.

Mwezi ambao mto ulinywea

Mwishoni mwa Oktoba 2022 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Amos Makalla, alitangaza mgao wa maji. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa na Ruvu ulikuwa umenywea. Uzalishaji ulishuka kutoka lita milioni 466 hadi takriban milioni 300 kwa siku. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 5,383,728 mkoani. Hata kama tone lolote lisingepotea njiani, na hata kama viwanda, hoteli na wakazi wa mkoa wa Pwani wanaohudumiwa na mitambo hiyo wasingechukua chochote, mgawo wa kila mtu ungekuwa kama lita 56. Hizo ni pungufu ya ndoo tatu za kupikia, kunywa, kuoga, kufua na kusafishia choo.

Siku hizo maboza yalizunguka mitaani tangu alfajiri na foleni za madumu zikarefuka kwenye kila kisima. Macho yakageukia juu ya mto, kwa waliodaiwa kuchepusha maji ya kumwagilia na kunyweshea mifugo. Novemba 11 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua visima virefu vya Kigamboni vyenye uwezo wa lita milioni 70 kwa siku, na mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda ukasainiwa. Bwawa hilo lilikuwa limezungumzwa kwa miongo kadhaa. Limepangwa kuhifadhi lita bilioni 190, ili maji ya masika yapatikane kiangazi.

Bwawa na visima ni kazi njema. Lakini mgao ulituuliza swali ambalo zege halilijibu: maji yakipungua, nani apunguze kwanza? Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 imejibu. Mahitaji ya msingi ya binadamu yanatangulia, mazingira yanafuata, kisha shughuli za uchumi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikaliweka wazi jingine: maji yote nchini ni ya umma, na Rais ni mdhamini tu. Kibali cha kampuni ni ruhusa ya kutumia, wala hakimpi mtu umiliki.

Tuliwahi kulitafuta jibu kwa njia nyingine, ya kuikabidhi kampuni moja kila kitu. Agosti 2003 City Water Services, ubia wa Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa nyumbani, ilipewa kuendesha maji ya jiji kwa miaka 10. Haikumaliza hata miwili. Mei 2005 Waziri wa Maji wa wakati huo, Edward Lowassa, alitangaza kuuvunja mkataba. Kesi zikafunguliwa nje ya nchi, na Julai 2008 baraza la usuluhishi la ICSID likaamua kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji, lakini haikustahili kulipa fidia yoyote. Mawakili walifanya kazi miaka mitatu, na mama wa Tandale aliendelea kununua maji kwa ndoo. Mkataba ule ulipangwa kati ya ofisi na ofisi. Wanywaji wa maji hawakuwa na kiti mezani.

Maswali matano getini

Msomaji anaweza kuuliza: sasa nitaijuaje kampuni inayoyatunza maji ya wote? Nakupa maswali matano. Yaulize kwenye kikao cha mtaa, kwenye mkutano wa wanahisa, au ukiwa kazini kama wewe ni mfanyakazi.

Swali la kwanza: maji yenu yanatoka wapi, kwa kibali gani, na ni lita ngapi kwa siku? Asiyejua anachotumia hawezi kupunguza.

Swali la pili: mnatumia lita ngapi kuzalisha lita moja au kilo moja ya bidhaa? Viwanda vya soda na bia vimejipima hivyo kwa muda mrefu, na vimeokoa fedha. Kiwanda cha nguo, cha sabuni na cha mafuta ya kula vinaweza pia.

Swali la tatu: maji yakitoka kwenu yanakwenda wapi, yakiwa na nini ndani? Hapa jibu la mdomo halitoshi. Omba kuonyeshwa bomba la kutokea.

Swali la nne: mgao ukitangazwa, mna mpango gani? Kampuni yenye matangi makubwa inaweza kujaza usiku, asubuhi mtaa ukakuta bomba kavu. Kampuni nyingine inaweza kupunguza uzalishaji na kufungua koki getini kwa ajili ya majirani. Mpango huo unaandikwa kabla ya ukame.

Swali la tano: mnakaa kikao gani na watumiaji wengine wa mto au kisima chenu? Sheria inaruhusu jumuiya za watumia maji, na Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu yenye ofisi Morogoro ina wajibu wa kuzilea. Kampuni isiyo na kikao chochote inayajua maji yake kwa ankara tu.

Wenye viwanda watasema kwamba wanalipa ankara, kodi na ada ya kibali, na yaliyobaki ni ya serikali. Nawaheshimu kwa kulipa. Lakini ankara ni bei ya kuyafikisha maji getini. Haiurudishi udongo wa Kibungo Juu mahali pake, haiizuii chumvi isipande chini ya Chang'ombe, wala haiuzibui Mlalakua. Kazi hizo tatu zinahitaji watu waliokaa pamoja kabla ya shida, wakaaminiana kiasi cha kuonyeshana mita zao.

Nawe unayesoma sura hii ukiwa Mbagala, Tegeta, Kawe au Mtoni, usijitoe. Uliza mtaa wako unakunywa maji ya mto gani. Usikitapishe choo chako mvua ikinyesha. Mwenyekiti akiitisha mkutano wa maji, nenda, na umwombe awaalike wenye viwanda kwa barua. Wakija, wapeni viti vya mbele na muwaonyeshe mto ulio nyuma ya ukuta wao. Wasipokuja, waandikieni tena.